Maji Baridi ya Fundi Shomari

Neema kaiweka simu yake hapa mezani, anasema, "Bibi, wewe ongea tu, mimi nitaandika baadaye." Haya. Shule mimi niliiona kwa nje, nikipita na mbuzi wa baba. Kwa hiyo maneno haya ni yangu, mkono ni wa Neema, na mkikuta 'r' imekaa vizuri mahali pake, jueni kainyoosha yeye. Mimi Msukuma. 'R' yangu huwa inateleza inakuwa 'l' kabla sijaishika.

Nimepumzika kazi mwezi huu. Lile tangi la samaki wa maji chumvi pale mapokezi kaachiwa Neema na wenzake wawili, na wameniomba niseme nilivyolitunza miaka yote ile. Wasisubiri nitaje nilipandishwa cheo lini. Niliingia hotelini na ufagio na nimeaga na ufagio. Hapo katikati ndipo nikawa daktari wa samaki, na wapo waliofia mikononi mwangu.

Nianze na siku tangi lilipokuja. Hoteli yetu iko ufukweni kabisa, ukisimama barazani unaona mitumbwi ikiingia Kirumba na dagaa. Samaki tumezaliwa nao. Tunawakaanga, tunawakausha, tunawafunga kwenye gazeti tukienda kusalimia wakwe. Sasa bosi wetu, Mzee Nassoro, akaja na neno la kuweka samaki kwenye kioo, tena wa baharini. Mzee Nassoro ni wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani hapa mjini. Ukitaka kumwigiza, fumba jicho moja, inua kidevu, uliza swali halafu ulijibu mwenyewe kabla mtu hajavuta pumzi. "Mtu wa Dar anakuja Mwanza kuona nini? Ziwa. Eeh, ziwa. Na mtu wa Mwanza akija kwangu nimwonyeshe nini? Ziwa tena? Hapana. Namwonyesha bahari. Sawa? Sawa."

Bahari ikaja kwa ndege, ndani ya maboksi. Aliyekuja nayo ni Fundi Shomari, Mzaramo, mwembamba kama ufito, sauti laini ya kubembeleza utadhani anakuuzia kitenge. Aliposikia mimi Msukuma akapiga makofi. "Lo! Mtani wangu! Mie nilipoiona miguu hiyo nikasema, huyu ukoo wake ulitembea na mizigo mpaka kwetu!" Nikamjibu, "Na nyie mlikuwa mmelala mnatusubiri, mpaka leo hamjaamka." Kwa asiyejua, Msukuma na Mzaramo ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anakutania hata msibani na hununi. Ila mtani humpi nafasi ya kukucheka. Ukikosea mbele yake, atakusimulia mpaka kwa wajukuu wake.

Fundi alitaka mtu mmoja wa kumfundisha. Wote wakamtazama dada wa mapokezi wa wakati ule, mwenye cheti. Mimi nilikuwa napiga deki nyuma ya tangi. Fundi akaniuliza, "Bibi weye, watazama nini humo?" Nikasema, "Huyu wa pembeni anahema mara mbili ya wenzake." Akainama, akatazama, akahesabu kwa midomo. Akamtoa yule samaki, akamweka peke yake kwenye ndoo, kisha akamwambia Mzee Nassoro, "Huyu mama ndiye."

"Hajui kusoma," bosi akasema. "Anajua? Hajui."

"Samaki nao hawajui," fundi akasema.

Basi nikafundishwa siku tatu. Neema, haya yaandike polepole. Ndoo za tangi ni mbili, hazijawahi kuingia sabuni, na siku itakapoingia, hiyo ndoo ipeleke chooni, kazi yake imekwisha. Mkono uliopakwa mafuta hauingii majini. Ndiyo maana mikono yangu ilikuwa kama ya kobe. Chakula ni cha kubana kwa vidole viwili tu, na kama umemaliza kumenya ndizi mbili bado kinaelea, umezidisha. Mgeni akikwambia, "Bibi, hawa wana njaa," mwambie nao wanasema hivyohivyo kila wamwonapo.

Nyuma ya pazia kuna mapipa mawili. La bluu lina maji ya bomba yaliyochujwa na kulazwa, hayana dawa, hayana chumvi. Jeupe ndilo la kuchanganyia ile chumvi ya pakiti. Kila Jumatatu unatoa ndoo mbili za tangi, unarudisha ndoo mbili za pipa jeupe. Kabla hujarudisha unapima kwa kile kikopo chenye mshale: mshale ukisimama kwenye kijani, chumvi imetosha. Fundi alipimia pale pipani, akaniuliza, "Umeona?" Nikasema nimeona.

Halafu kuna matone. Unachota maji ya tangi kwenye kichupa, unadondosha, unatikisa, unasubiri. Mwenye shule anasoma kwenye karatasi yake. Mimi rangi nilizijua kwa jikoni. Ikitoka njano kama mafuta ya alizeti, nenda kalale. Ikianza ukijani wa maji ya mchicha, kuna kitu kimeoza humo ndani, kitafute wewe kabla bosi hajakitafuta.

Siku ya kuondoka, gari la kumpeleka uwanja wa ndege linapiga honi, Fundi Shomari kasimama mlangoni na begi lake. Akageuka. "Mtani! Hiki kiyoyozi kitayanywa maji, utaona yanapungua. Usihangaike. Yakipungua weye ongeza maji baridi. Umesikia? Baridi."

Nikasema nimesikia. Na kweli nilisikia. Tangi ni la maji chumvi, na mtu kasema ya kuongeza yawe ya baridi. Nikaona ni jambo la akili: viumbe wa bahari kubwa, joto la Mwanza limewaelemea, wanataka kuburudishwa. Moyoni niliona ajabu kidogo. Lakini nimpigie simu Mzaramo nimuulize maji baridi ni maji gani? Angenicheka Kisarawe nzima isikie.

Kwa hiyo kila maji yalipopungua vidole viwili, nilichota pipa jeupe, nikapima, mshale kijani, nikajaza madumu, nikayalaza kwenye friji la jikoni. Alfajiri nawamwagia wanangu maji baridi, roho yangu kwatu.

Miezi ya kwanza ilikuwa raha. Wale wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe niliwaita Bwana Harusi na Bibi Harusi, maana hawakuachana hata unywele. Yule mnene wa bluu nikamwita Diwani: humwoni mpaka kuwe na chakula. Watoto wa wageni walikuja Jumapili wakitoka kanisani, wanabandika pua kwenye kioo, nami nawafanyia sauti. Diwani nilimpa sauti ya tumboni. "Ndugu wananchi, nimekuja kusikiliza kero zenu. Lakini kwanza, tule."

Wa kwanza kuondoka hakuwa samaki. Ni yule kamba mwekundu aliyekuwa anawasafisha wenzake meno. Nilimkuta kalala chali kwenye mawe. Nikasema, uzee. Wiki iliyofuata konokono wakajifungia na kudondoka kutoka kwenye kioo, mmoja, mmoja. Kisha Bwana Harusi akaanza kukaa karibu na mapovu, mapezi kayabana mwilini, anahema kama kakimbizwa. Siku ya tatu nikamtoa kwa wavu. Bibi Harusi alizunguka pale alipozoea kulala naye mpaka nikashindwa kuangalia.

Nikafanya kama nilivyofundishwa. Matone: alizeti. Kesho yake tena matone: alizeti. Nikatoa sponji la pampu nikalikamua kwenye maji ya tangi lenyewe, siyo ya bomba, maana humo wanaishi wale wadogo wasioonekana wanaokula uchafu, ukiwaosha kwa bomba umewaua. Nikapunguza chakula. Nikaangalia kipimajoto, mchana, kikawa palepale nilipokitia alama ya rangi ya kucha. Nikafukua chini ya mawe nikidhani kuna mzoga. Hakuna. Maji masafi, pampu inavuma, chakula kidogo, na wanakufa. Nikasema, kama sababu haiko ndani, iko nje. Macho yangu yakamwendea Magesa.

Magesa alikuwa askari wa geti wa mchana, Mkerewe wa Nansio, kapanga Buzuruga na mke na watoto. Mrefu, mkimya. Yeye ni kinyume changu: mimi 'r' inakuwa 'l', yeye 'l' inakuwa 'r'. Mzee Nassoro alikuwa anasema tukisimama pamoja ndiyo tunatimiza herufi. Kazi yake nyingine ilikuwa vidudu. Mnavijua, vile vya ziwani vinavyopanda juu ya maji kama moshi, upepo ukivigeuza vinakuja kujaa ukutani, kwenye taa, mpaka kwenye chai. Magesa alikuwa anabeba bomba mgongoni anapuliza dawa baraza lote hadi mlango wa mapokezi. Na pampu ya hewa ya tangi inavuta hewa ya wapi? Ya mapokezi hayohayo. Dawa ya wadudu ikiingia kwenye mapovu, kamba ndiye wa kwanza kufa. Hili ni kweli, Neema, liandike: wakipuliza dawa, zima pampu, funika tangi, mpaka harufu iishe. Kumshuku hakukuwa ujinga. Ujinga ulikuja baadaye.

Nikamfuata getini. "Magesa, jana ulipuliza?"

"Nirivipurizia kidogo tu, bibi. Vikarara."

Vidudu. Maneno yake yalikuwa hayo tu, na akarudi kufungua geti.

Mchana ule tuko chumba cha wafanyakazi tunakula. Bibi Harusi kafa asubuhi. Wote wananikodolea macho, bibi, kulikoni, nani anatuulia samaki? Na mimi nikikodolewa macho, siwezi kukaa. Nikasimama. Nikanyoosha shingo kama Magesa, nikabeba bomba la hewa mgongoni, nikaanza kutembea kando ya meza nawapulizia sangara kwenye sahani za watu. "Niriwapurizia kidogo tu, bibi! Wakarara!"

Watu walicheka mpaka mmoja akapaliwa na ugali. Nikarudia. Mmeisikia lakini? Magesa alisema 'nilivipulizia', vidudu. Mimi nikatoa 'vi' nikatia 'wa', ili ichekeshe zaidi. Sauti moja ndogo. Katika Kiswahili chote sijaona kitu kidogo kinachoweza kumfukuzisha mtu kazi kama hicho.

Nilipogeuka, Mzee Nassoro kasimama mlangoni.

"Kasema hivyo? 'Niliwapulizia'? Kasema," akajijibu, akaondoka.

Ningeweza kumkimbilia. Mlango ulikuwa hatua nne. Mimi nilikuwa bado natabasamu, watu wananishika bega, bibi wewe utatuua. Na ndani yangu, niseme ukweli, nilikuwa nimeshaamini kwamba ndiye.

Kesho yake asubuhi Magesa alirudisha sare. Alipita nilipokuwa napangusa kioo cha tangi. Hakupandisha sauti. "Bibi," akasema, "mimi nirisema 'vi'." Akaenda zake.

Wiki mbili hakuna aliyepuliza dawa. Vidudu vilijaa mpaka kwenye sukari. Na samaki wangu waliendelea kufa. Wa manjano. Yule mwenye mkia kama mkasi. Kila niliyemtoa kwa wavu alikuwa ananiuliza kwa sauti ya Magesa, maana kwangu mimi kila kitu kina sauti: bibi, na mimi kaniua nani?

Siku moja napangusa ukingo wa juu wa kioo, kitambaa kinakwaruza. Pembeni mwote kumeota unga mweupe, mgumu kama ukoko wa sufuria. Nilikuwa naukwangua kila wiki bila kuuwazia. Siku hiyo nikautia ulimini. Nikachovya kidole tangini, nikaonja. Nikaenda pipa jeupe, nikaonja. Nikarudi tangini. Ulimi wangu haujaenda shule, lakini umepika tangu sina meno ya pili, na ukaniambia: hii ni supu, na hii ni supu iliyosahaulika jikoni.

Nikakichukua kile kikopo cha mshale, na kwa mara ya kwanza tangu Fundi Shomari aondoke, nikakitia kwenye tangi lenyewe. Mshale ukapita kijani, ukapita nyekundu, ukaenda kugonga mwisho wa kikopo na kubaki hapo.

Miezi yote ile nilikuwa naonja chumvi ya kwenye kijiko. Chungu sikuwahi kukionja.

Nikampigia fundi. "Mtani," nikamwambia, "chumvi imepanda, mshale umefika mwisho wa dunia."

"Haiwezekani, mtani. Maji yakipungua waongeza nini?"

"Maji balidi." Neema, hiyo 'l' iache.

"Vyema. Baridi hasa?"

"Balidi kabisa! Ya fliji. Nayalaza usiku kucha."

"Ya... friji lipi?"

"La jikoni."

"Mtani. Hayo maji wayachota pipa lipi?"

"Jeupe. La chumvi. Si tangi ni la chumvi?"

Nikasikia mtu anakaa chini kwenye kiti. "Ewe bibi weye. Maji baridi! Yasiyo na chumvi! Kwetu pwani kuna kisima cha maji chumvi na kisima cha maji baridi, ndivyo tusemavyo tangu twazaliwa. Chumvi haiendi popote, mtani. Maji ndiyo yanayoruka, chumvi inabaki. Weye kazi yako ni kurudisha maji matupu!"

"Sasa si ungesema maji?"

"Maji gani?"

"Maji! Sisi huku tunasema maji, yanatosha. Ziwa lote hili, tuyaite maji baridi ili tuyatofautishe na yapi?"

Nilimsubiri acheke. Mzaramo kapata kicheko cha kumfikisha kaburini, na hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Wamebaki wangapi?"

"Wanne. Na Diwani ana vidoa vyeupe mwili mzima kama kamwagiwa chenga za sembe."

"Hivyo ni vya baridi. Kila alfajiri wamshtua kwa maji ya friji, mwili umechoka, ugonjwa ukapata mlango." Kumbe ndiyo maana kipimajoto kilinidanganya. Nilikuwa nakiangalia mchana, na mchana Mwanza kila kitu kina joto. "Sasa sikiliza, usikurupuke. Waliizoea hiyo chumvi polepole, na kuiacha waiache polepole. Ukiishusha leo yote, utawamaliza leo. Toa ndoo moja ya tangi kwa siku, tia ndoo moja ya pipa la bluu, ishike joto la chumba kwanza. Pima tangini, mtani. Tangini. Mshale ukifika kijani, simama." Kisha akasema, "Na mie nina langu. Nilikufundisha kwa maneno ya kwetu, nikapanda ndege."

Nilimhamisha Diwani kwenye beseni lake na pampu ndogo na dawa, na kila siku nikatoa ndoo na kutia ndoo. Mshale ulishuka kama mzee anayeshuka ngazi. Siku ya kumi na moja ukakaa kwenye kijani. Wale wanne walibaki watatu, na Diwani akiwemo, anadai chakula.

Tangu hapo tangi lile halijaua tena kwa chumvi. Niliwaambia vijana wachore tone la maji kwenye pipa la bluu na kijiko cha chumvi kwenye jeupe, ili hata mimi nisome. Pimeni tangi. Pipa halina samaki. Na mtu akikupa neno usilolijua, muulize hata kama atakucheka; kicheko kinaisha jioni. Huo ndio udaktari wangu wote, na ulikuwa upande mwepesi.

Maana siku ile mshale ulipofika kijani, hakuna aliyekuwa ananiuliza kitu. Bosi alishapata mwenye kosa, samaki wanapona, fundi yuko pwani. Ningenyamaza, ingepita. Nilikaa na hilo wazo muda wa kupiga deki mapokezi yote, nikalipigia deki mara mbili. Kisha nikaomba ruhusa, nikaenda Kirumba.

Nilimkuta Magesa soko la samaki la Mwaloni, anabeba magunia ya dagaa, mabega yamejaa magamba yanang'aa. "Shikamoo, bibi." Hata pale kaniamkia.

"Marahaba. Magesa, samaki niliwaua mimi. Kwa maji ya friji."

Akashusha gunia. "Ya friji?"

Nikamweleza yote, pipa, madumu, baridi. Nilitamani acheke. Angecheka ningejua pa kukanyaga.

"Pare Buzuruga," akasema, "watoto wananiita Niriwapurizia. Nikipita na mke wangu wanaigiza bomba mgongoni. Hata wangu mdogo arirudi anaigiza, hajui ni mimi."

Igizo langu lilishafika mtaani kwake kabla yangu. Mikono yangu nilikosa pa kuiweka.

"Nitamwambia bosi leo," nikasema.

"Bosi mwambie. Rakini si ofisini. Uriniharibia mbere ya watu, bibi. Ukanitengeneze mbere ya watu."

Nikamwambia Mzee Nassoro. Alifumba jicho lake. "Samaki wangu umewaua wewe? Wewe. Kwa friji langu? Langu." Kisha akauliza, "Sasa Magesa nitamwambia nini?" na hiyo, kwa miaka yote niliyomjua, ndiyo mara ya kwanza hakuwa na jibu lake mwenyewe.

"Usimwambie wewe," nikasema. "Nipe kikao cha asubuhi."

Kikao cha asubuhi kinafanyika palepale mapokezi, tumesimama mbele ya tangi, wa jikoni, wa vyumba, wa bustani. Magesa alikuja na nguo zake za nyumbani, akasimama mlangoni, hakuvuka kizingiti. Mzee Nassoro alikuwa na sare imekunjwa mkononi. Nikasogea mbele. Na kabla sijafungua mdomo, watu walishaanza kutabasamu, wanasogezana kwa viwiko, leo bibi katuletea nini.

Nikasema, "Magesa hakusema 'niliwapulizia'. Alisema 'nilivipulizia'. Vidudu. Ile 'wa' niliitia mimi ili mcheke. Samaki niliwaua mimi, kwa maji ya chumvi ya kwenye friji, kwa sababu neno la fundi sikulielewa na niliona aibu kuuliza."

Wakacheka. Jamani, walicheka! Mimi nimesimama mikono imelegea, sijakaza shingo, sijafumba jicho, sauti ni hii mnayoisikia, na wao wanafuta machozi. Mpishi wetu akapaza sauti kutoka nyuma, "Bibi, na huyo sasa ni nani unayemwigiza?"

"Kabula," nikasema. Ndilo jina langu.

Wakacheka zaidi. Mimi nikabaki namtazama mtu mmoja tu, pale mlangoni, ambaye hakucheka.

"Huyo ninamjua," Magesa akasema. "Enderea, bibi."